Akili ikitangatanga kwenye sala ya kimya

Ukikaa kusali kimya, dakika ya pili tu akili imeshakwenda kwenye madeni, simu na ugomvi wa jana. Usipigane nayo. Chagua neno moja fupi kabla hujaanza, "Yesu" au "Baba" linatosha, na kila unapogundua umepotea, litaje moyoni taratibu, urudi. Basi. Usijikaripie, maana kujikaripia nako ni wazo jingine. Ukirudi mara 50 ndani ya dakika 20, umemgeukia Mungu mara 50.

Si jambo geni. Watawa wa jangwa la Misri, katika karne ya 4, walirudia mstari mmoja wa Zaburi ya 70, ule wa kumwomba Mungu afanye hima kusaidia, wakiwa kazini, wakila, hata wakienda kulala.

Neno usilibadilishe katikati ya sala (mimi wiki ya kwanza nilibadilisha mara tatu, nikabaki nawaza maneno badala ya kusali). Na matunda usiyapime ukiwa bado umefumba macho. Yatafute baadaye, mtu akikukosea: je, hasira inachelewa kidogo kuliko zamani?