Jinsi ya kuthamini gari la zamani la mashindano lililojengwa upya

Wateja wengi huniuliza kwanza ni spea ngapi za kiwandani zimebaki. Mimi huomba makaratasi kabla ya kufungua boneti.

Sababu ni Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, mshindi wa Le Mans, mashindano ya saa 24 ya Ufaransa, 1929 na 1930. Ilifumuliwa mara kwa mara, ikapata ajali 1932 kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza, kisha ikajengwa upya kuwa kupe, yaani gari la milango miwili lenye paa gumu. Baadaye mtu alikubali kuinunua kwa pauni milioni 10, halafu akagoma kulipa akidai si gari lile tena. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa haki muuzaji: spea za 1929 zilibaki chache mno, lakini maisha ya gari hayakukatika, na hakuna Bentley nyingine iliyoweza kudai jina hilo.

1. Panga makaratasi kwa tarehe. Kadi za usajili, fomu za mashindano, risiti za gereji. Tafuta pengo. Gari likipotea miaka kumi kisha likaibuka na bodi mpya, pengo hilo ndilo litakaloshusha bei.

2. Kagua namba ya chesisi. Hapa usiwe na haraka. Kwenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973, namba imegongwa kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Mulika tochi kwa ubavu: alama za msasa, puti, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja zitajitokeza. Pitisha kidole upande wa pili wa bati utafute mshono wa kuchomelea, maana kuna mafundi wanaohamisha kipande chenye namba tu.

3. Linganisha na picha za zamani. Matundu ya taa za ziada yaliyozibwa, pamoja na viraka vya bati, ni vigumu kughushi vyote.

4. Tafuta pacha. Spea za gari moja zikigawanywa, huzaa magari mawili yenye jina moja. Mwenzake akiwa hai, usitaje bei kabla mgogoro haujaisha.

5. Weka bei. Chukua bei ya mnada ya gari lenye historia kamili, kisha ya nakala nzuri, yaani gari la kuigiza. Lako litaangukia katikati, na hatua ya 1 na ya 4 ndizo zitakazolisogeza. Gharama za ukarabati weka kando, hata mwenye gari akinuna. Na pasi ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, inaruhusu gari kushindana tu. Haithibitishi kwamba ndilo lenyewe.