Namna ya Kuwafundisha Wakutubi wa Nchi Nyingine Katalogi ya Kompyuta: Mwongozo Kutoka Bujumbura

Mimi ni mkutubi wa Kitanzania. Nilisomea kazi hii katika chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiorodhesha vitabu katika maktaba ya chuo mkoani Kigoma. Kwa kuwa Bujumbura iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, maktaba moja ya chuo katika mji huo iliniomba niwasaidie wafanyakazi wake saba kuhama kutoka kwenye droo za kadi na kuingia kwenye Koha, programu ya kompyuta ya kuendesha katalogi ya maktaba. Nilikaa nao wiki sita. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkutubi atakayepewa kazi kama hiyo, hasa yule anayetoka katika maktaba zilizokulia katika utaratibu wa Kiingereza kwenda katika maktaba zilizokulia katika utaratibu wa Kifaransa, kwa maana matatizo mengi niliyoyapata hayakutokana na kompyuta bali yalitokana na mambo niliyodhani kuwa yanafanana kila mahali.

Hatua ya kwanza: Omba picha za kadi kabla ya kusafiri

Usiulize tu idadi ya vitabu na idadi ya kompyuta. Omba picha za kadi kumi kutoka droo mbalimbali, picha za kurasa mbili za daftari la mapokezi, ambamo kila kitabu kinachoingia maktabani huandikwa, na picha ya rafu moja ambapo migongo ya vitabu inaonekana vizuri. Kwa simu ya kawaida kazi hiyo inakamilika kwa dakika kumi.

Mimi nilitumiwa picha hizo, lakini nilizitazama kwa haraka. Niliona namba zenye nukta, nikajiambia kwamba ni Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada tuliouzoea, nikafunga safari. Nilipofika nikakuta kamusi ya Kiswahili imepewa namba inayoanzia na 811, nikaanza kuwaeleza wenyeji wangu kwa upole kwamba kitabu hicho kimekosewa, kwa sababu katika Dewey 811 ni mahali pa ushairi wa Marekani, na lugha ya Kiswahili inakaa 496.392. Wao ndio waliokuwa sahihi. Maktaba ile ilikuwa inatumia CDU (Classification décimale universelle kwa Kifaransa), mfumo uliojengwa na Paul Otlet na Henri La Fontaine kule Ubelgiji mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuupanua mfumo wa Dewey wa mwaka 1876. Katika CDU lugha zilihamishiwa kundi la 8, zikae pamoja na fasihi, na kundi la 4 likaachwa wazi. Kwa hiyo 811 ndipo lugha mbalimbali zinapowekwa. Burundi ilitawaliwa na Ubelgiji hadi mwaka 1962, na si ajabu kwamba utaratibu wa Wabelgiji umebaki kwenye rafu.

Mifumo hiyo miwili inafanana sura kama ndugu wa tumbo moja, na hatari yenyewe iko hapo. Kabla hujasema neno lolote kuhusu namba, chukua vitabu vitano ambavyo yaliyomo unayajua kwa hakika, ulinganishe namba zake na mifumo yote miwili.

Hatua ya pili: Wiki ya kwanza usiwashe kompyuta ya mafunzo

Hatua hii ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa waliokualika wanataka kuona kazi imeanza. Nilikwenda Bujumbura nikiwa na ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone kichwani, na ilinichukua siku tatu kutambua kwamba aliyehitaji kuponywa ujinga kwanza ni mimi.

Kaa dukani, yaani kwenye kaunta ya kuazimisha, pamoja na wenzako. Rudisha vitabu rafuni kwa mikono yako. Nilipokuwa nikirudisha vitabu ndipo nilipogundua kwa nini nilikuwa nikichoka shingo: vitabu vya Kifaransa kwa kawaida huandikwa jina mgongoni kutoka chini kwenda juu, na vya Kiingereza kutoka juu kwenda chini, hivyo mtu anayesoma rafu iliyochanganyika hulazimika kugeuza kichwa kushoto na kulia kila baada ya vitabu viwili. Wenzangu walikuwa wameshalitatua jambo hilo. Lebo zao zilibandikwa zikiwa zimelala, urefu uleule kutoka chini ya kitabu, ili macho yafuate mstari mmoja wa namba bila kujali jina limeandikwa kuelekea wapi. Kama ningeanza na kompyuta, ningechapisha lebo za mtindo wangu na kuwaharibia utaratibu mzuri.

Katika maktaba ile kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amelitunza daftari la mapokezi kwa mkono kwa muda mrefu kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Watu walinionya kwamba hataki kompyuta. Siku ya pili asubuhi nilimwamkia, nikamwomba anifundishe kulisoma daftari lake. Alilifungua, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho ambayo mimi niliiona kuwa haina maana, yenye herufi ndogo za penseli. Herufi hizo zilionyesha kitabu kilipatikanaje: kimenunuliwa, kimetolewa zawadi, kimebadilishwa na maktaba nyingine, au kimerudishwa na mtu baada ya kupotea. Hakuna kadi hata moja iliyokuwa na taarifa hizo. Tuliziingiza zote katika Koha, na mzee yule ndiye aliyezisoma kwa sauti huku kijana mmoja akiandika. Hakuwa na chuki na kompyuta. Alikuwa akisubiri mtu amuulize.

Hatua ya tatu: Chagueni umbo la rekodi pamoja, kabla ya kusakinisha

Koha ilianza kutumika mwaka 2000 katika maktaba za wilaya moja ya New Zealand, na jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni programu huria isiyolipiwa leseni, ndiyo maana maktaba nyingi za Afrika zinaichagua. Inakubali maumbo mawili makubwa ya rekodi, yaani mipangilio ya kuandika taarifa za kitabu ambamo kila aina ya taarifa ina uga wenye namba yake: MARC 21 na UNIMARC, na umbo unalolichagua siku ya kwanza ndilo utakaloishi nalo, kwa sababu kulibadilisha baadaye ni sawa na kuanza upya.

Sisi Tanzania tumezoea MARC 21. Jina la kitabu tunaliweka kwenye uga wa 245, mwandishi kwenye 100, mada kwenye 650, na ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, kwenye 020. Katika UNIMARC, ambayo inatumika sana Ufaransa, jina la kitabu linakaa 200, mwandishi 700, mada 606, na ISBN 010. Nilitamani sana kuchagua MARC 21, kwa kuwa vidole vyangu vinaijua. Swali linalofaa kuulizwa, hata hivyo, ni hili: baada ya mkufunzi kuondoka, wafanyakazi watakuwa wakivuta rekodi zilizo tayari kutoka wapi? Vitabu vingi vya maktaba ile vilikuwa vimechapishwa Paris na Brussels. Rekodi zake zinapatikana Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, zikiwa na mada zilizoandikwa kwa Kifaransa kutoka orodha ya RAMEAU, na zinavutwa bure ndani ya Koha yenyewe kupitia Z39.50, utaratibu unaoziwezesha kompyuta za maktaba kutafutiana rekodi. Kwa kuchagua UNIMARC, mfanyakazi anaandika ISBN, anabonyeza kitufe cha kutafuta, na rekodi nzima inakuja katika lugha anayoisoma kila siku.

Tukakubaliana UNIMARC. Wakati wa kuunda maktaba mpya kwenye seva, taja umbo hilo waziwazi katika amri, kwa sababu usipotaja utapewa MARC 21:

sudo koha-create --create-db --marcflavor unimarc jinalamaktaba

Kisha sakinisha lugha ya Kifaransa:

sudo koha-translate --install fr-FR

Mimi nilijifunza nyuga za UNIMARC usiku, na mchana nikafundisha nilichojifunza usiku uliotangulia. Wenzangu walijua hivyo na hawakuniona mdogo.

Hatua ya nne: Jaribu skana kwenye kibodi yao

Kompyuta zilikuwa na kibodi za Kifaransa, zile zinazoanza na herufi AZERTY. Katika kibodi hizo tarakimu za juu hupatikana kwa kushikilia Shift. Skana nyingi za bakodi zinaiambia kompyuta kwamba zenyewe ni kibodi, na zinapotoka kiwandani hudhani kuwa kibodi ni ya Kimarekani. Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, dada mmoja alielekeza skana kwenye kitabu chenye namba 0001247, na kwenye skrini yakatokea maandishi haya: ààà&é'è. Alirudia mara tatu, kisha akaondoa mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, nadhani nimeiharibu.”

Hakuwa ameharibu kitu. Fungua kijitabu kinachokuja na skana, tafuta ukurasa wenye mipangilio ya kibodi za nchi mbalimbali, na uiskani bakodi ya kibodi ya Kifaransa; skana itabadilika hapohapo. Ijaribu kwa kuskani namba yenye tarakimu zote kuanzia 0 hadi 9 ndani ya ukurasa mtupu wa kuandikia. Jambo hili lifanyike kabla wanafunzi hawajaingia chumbani, kwa kuwa mtu aliyeogopa kifaa siku ya kwanza huchukua muda kuzoea.

Hatua ya tano: Kubalianeni kuhusu majina ya watu

Sisi tumezoea kudhani kwamba jina la mwisho ni la baba au la ukoo. Julius Kambarage Nyerere alichukua jina la baba yake, na watoto wake wakalichukua pia. Burundi, kwa desturi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi, ambalo si lazima lifanane na la baba wala la ndugu zake. Mwanamfalme Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, na majina hayo mawili hayaonyeshi undugu. Katika maandishi ya ofisini jina la Kirundi mara nyingi hutangulia, likifuatiwa na la ubatizo. Kwa hiyo mkufunzi anayefundisha kwamba neno la mwisho kwenye jalada ndilo linaloanza katika katalogi ataweka waandishi kadhaa chini ya jina la Jean.

Andikeni kanuni ya nyumbani kwenye karatasi moja: jina la Kirundi kwanza, mkato, kisha jina la ubatizo. Wenyeji ndio wanaojua lipi ni lipi. Mimi nilinyamaza katika kikao hicho.

Hatua ya sita: Fundisha kwa lugha tatu bila kuziona haya

Wenzangu waliongea Kirundi wao kwa wao, Kifaransa kwenye maandishi, na Kiswahili nami. Wawili kati yao walikuwa wakazi wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake hakihitaji mkalimani. Tulibandika ukutani karatasi yenye safu tatu za maneno ya kazi. Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa la kwetu: kuazima. Katika Kiswahili mtu huweza kusema nimeazima kitabu akimaanisha amekichukua, na mwingine akasema niazime kitabu akimaanisha nipe, ilhali Kifaransa kina neno tofauti kwa anayetoa na kwa anayepokea. Tukaacha neno hilo kabisa mafunzoni, tukasema kutoa kitabu na kupokea kitabu.

Ratiba nayo iandikwe kwa namna zote mbili. Anayesoma 8h kwa Kifaransa anajua ni saa mbili asubuhi. Tatizo huja pale mtu anapoitamka kwa Kiswahili kwa kufuata tarakimu.

Wapange wawili wawili, kila jozi na lundo la vitabu vyake halisi vya rafuni, si mifano uliyokuja nayo kwenye flashi. Vitabu kumi kwa siku vinatosha kwa wiki mbili za mwanzo.

Hatua ya saba: Umeme na nakala rudufu

Seva iwe ndani ya jengo, iwe na betri ya akiba, na ifanye kazi bila intaneti. Koha iliyosakinishwa kwa njia ya kawaida hutengeneza nakala rudufu kila siku na kuiweka chini ya /var/spool/koha, lakini nakala iliyo ndani ya mashine ileile haikusaidii mashine ikiungua. Mpe mtu mmoja kwa jina kazi ya kuinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa na kuipeleka jengo jingine, na mpe mwingine kazi ya kumuuliza.

Hatua ya nane: Wiki mbili za mwisho, kaa nyuma

Kuanzia wiki ya tano wao ndio walifundisha. Walikuja wakutubi watatu kutoka shule jirani, na nilikaa kiti cha nyuma na daftari. Nilipoona kosa niliandika, na tulilizungumza jioni wageni wakishaondoka, kwa sababu kumsahihisha mwenzako mbele ya wanafunzi wake ni kumnyang'anya kazi uliyomkabidhi.

Siku ya mwisho fanya jaribio la njia mbili. Chukueni vitabu 20 rafuni mvitafute kwenye katalogi, kisha chagueni rekodi 20 kwenye katalogi mvitafute vitabu vyake rafuni. Upande wa kwanza tulivipata vyote. Upande wa pili tulikosa vitatu. Mzee wa daftari aliwaambia vijana wasubiri, akaenda mwenyewe: viwili vilikuwa kwenye meza ya kushonea vitabu vilivyochanika, na cha tatu alikikuta kimeanguka nyuma ya rafu ya juu, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akaketi mbele ya kompyuta na kubadilisha hali ya kitabu hicho yeye mwenyewe.