Andika masaa yako ya wagonjwa kuanzia leo

Ndugu mnaohudumia wagonjwa huku Marekani na mnawaza shahada ya uzamili ya usaidizi wa daktari, yaani PA: nunueni daftari leo. Fomu ya maombi ya CASPA, mfumo wa pamoja wa kuombea programu za PA, inatenganisha masaa ya kumhudumia mgonjwa mwenyewe na yale ya kupeleka chakula vyumbani au kazi za ofisini. Ukitoka zamu andika: "Masaa 8. Nimepima presha, nimemgeuza mzee kitandani, nimemwogesha." Weka na jina la msimamizi, maana huhama. Mimi sikuandika miaka miwili, nikaja kukesha nikipekua hati za mshahara. Na kabla ya kulipa ada, hakikisheni programu ina ithibati ya ARC-PA, chombo kinachoidhinisha programu za PA Marekani. Bila hiyo mtihani wa PANCE, ule wa kitaifa wa kuthibitishwa kuwa PA, hufanyi.