Kabla hujaita kikao cha ukoo: hatua za kumsaidia ndugu yako anayetumia unga (heroini)

Wiki haiishi sijapigiwa simu na mzazi ananiambia tumeshawaita wajomba, mashangazi, shehe na mjumbe, Jumamosi tunamkalisha chini, njoo na wewe utusaidie kuongea. Jibu langu huwa ni lilelile, jamani ahirisheni kwanza. Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi na familia za waraibu hapa Dar upande wa Temeke, na hivyo vikao nimekaa vingi sana. Kijana anaingia sebuleni anakuta watu kumi na mbili wamenuna, huyu analia, yule anatukana, mwingine anamkumbusha ile simu aliyoiba mwaka juzi, na yeye anaitikia tu ndiyo baba, ndiyo mjomba, nimeelewa, halafu anatoka kama anaenda chooni na haonekani siku tano. Kikao kina nafasi yake ila ni mwishoni kabisa, na kabla yake kuna kazi ya wiki kadhaa ambayo mnaifanya nyie wa nyumbani, sio yeye.

Hii njia sikuitunga mimi. Inaitwa CRAFT (Community Reinforcement and Family Training), yaani kuifundisha familia namna ya kumvuta ndugu yao kwenye matibabu, ilitengenezwa na Robert Meyers na wenzake wa chuo kikuu cha New Mexico, Marekani. Mwaka 1999 walitoa utafiti wa familia 130 zenye ndugu mlevi aliyekataa katakata kutibiwa. Familia zilizofundishwa njia hii, asilimia 64 walimfikisha ndugu yao kwenye matibabu, waliofundishwa kile kikao cha kumkabili wote kwa pamoja walikuwa asilimia 30, na walioelekezwa kwenye Al-Anon, vikundi vya kusaidiana vya ndugu wa walevi, asilimia 13 (ingawa Al-Anon kazi yao kubwa ni kumtuliza mwanafamilia mwenyewe, sio kumpeleka mgonjwa hospitali). Kwenye lile kundi la kikao wengi hawakukifanya kabisa hicho kikao, ni kigumu mno kwa moyo wa mtu. Mimi naitumia kwa unga, na nawaeleza namna tunavyoifanya huku kwetu.

Hatua ya 1: badilisheni maneno ndani ya nyumba. Neno teja liishe, hata kwa watoto, hata ukiwa na hasira. Na mjue arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ni nini, maana wazazi wengi wanadhani ni maigizo. Anayetumia heroini kila siku akikosa, ndani ya nusu siku hivi mwili unaanza kumgeuka, miayo, makamasi, jasho, vinyweleo vinasimama, tumbo linaendesha, mifupa inauma usiku kucha, na siku ya pili ya tatu ndo pabaya zaidi. Akibeba mtungi wako wa gesi saa kumi na moja alfajiri anakimbia hicho kitu. Sisemi umsamehe mtungi, nasema jua unapigana na nini. Na tafadhali msimfunge minyororo wala kumfungia chumbani, nimeona vidonda vya miguuni vinavyotokana na hiyo tiba na sitaki kuviona tena. Kama tatizo ni pombe kali kama gongo za kila siku tangu asubuhi, hapo hata kumwachisha ghafla nyumbani ni hatari, anaweza kupata degedege akafa, huyo aachishwe chini ya daktari.

Hatua ya 2: daftari. Hii watu wanaidharau na ndo inayonipa matokeo kuliko zote. Chukua daftari la kawaida la shule, wiki mbili andika bila kumuuliza mtu: leo katoka saa ngapi, alikuwa na nani, kabla ya kutoka kulitokea nini, karudi vipi, na saa ngapi alikuwa mzima kabisa anaongea vizuri. Kuna mama mmoja wa Mbagala aliniapia mwanawe anatumia saa zote, hana hata dakika ya akili. Daftari likaonyesha vingine, kila siku kati ya saa nne na saa sita mchana kijana yuko nyumbani, katulia, anafua nguo zake, anamsaidia mdogo wake hesabu. Na likaonyesha pia kwamba siku tatu alizopotelea maskani usiku mzima, zote zilitanguliwa na ugomvi na baba yake kuhusu kazi. Yule mama alilia alivyolisoma, akasema kumbe huwa namsubiria saa nne hiyohiyo nimtukane kwa ya jana. Kwa hiyo sasa unajua vitu viwili, saa ya kuongea naye na cheche inayomtoa nyumbani.

Hatua ya 3: ile saa yake nzuri ifanye iwe tamu. Akiwa mzima kaa naye, mpikie chai na chapati, tazameni mpira pamoja, mpe kazi ndogo anayoiweza na mshukuru kwa kuifanya. Akirudi kalewa humpigi wala humfokei, unajitoa tu, mwambie kwa upole "baba, sasa hivi siwezi kukaa na wewe, tutaongea kesho ukiwa vizuri", unaingia ndani. Tofauti ya nyumba akiwa mzima na nyumba akiwa kalewa aione yeye mwenyewe kwa macho yake. Wazee wanaliona hili kama kumdekeza na mara nyingi mabishano makali nayapata kwa akina baba, ila hudekezi mtu kwa kumpa chai siku ambayo hajatumia, unamdekeza kwa kumpa elfu tano siku ambayo katumia.

Tukija kwenye hela, hiyo ni hatua ya 4. Taslimu mkononi basi, nyumba nzima, na bibi pia maana bibi ndo benki ya siri. Njaa mpe chakula, nauli mlipie kwa konda, dawa nunua wewe. Deni la pusha, yule anayemuuzia unga, usilipe, na usimdanganyie bosi wake kwamba ana malaria. Lakini hapa naongeza kitu cha kwetu. Vitabu vinasema mwache aone matokeo ya matendo yake, sawa, ila mtaani kwetu tokeo la kuiba sabufa ya jirani linaweza kuwa tairi na petroli. Kwa hiyo mchague kwa akili hasara zipi mnamwachia na zipi hamwachii. Kulala na njaa ya sigara, kukosa simu, kuaibika mbele ya bosi, mwachie. Umati unaopiga kelele mwizi, kimbia kamwokoe. Na wewe mwenyewe kama anakupiga au anakutishia kisu, simamisha hatua zote hizi, usalama wako na wa watoto kwanza, nenda kwa mjumbe, nenda dawati la jinsia polisi, kalale kwa dada yako.

Hatua ya 5: tafuta mlango kabla hujamwambia apite. Kosa kubwa kuliko yote ni kijana kusema "sawa mama nimekubali" halafu familia ndo inaanza kuulizana tumpeleke wapi, siku tatu zinapita, arosto inampitia, kakataa tena. Kwa unga kuna kliniki za methadoni, dawa anayopewa badala ya heroini ili arosto isimshike, hapa Tanzania ilianza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke na baadaye mikoani, Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, na wenzetu wa Kenya wana Mathari na Malindi. Dawa ni bure, mwanzoni anakunywa palepale mbele ya mhudumu, kila siku. Nenda wewe kwanza peke yako, ulizia wanapokea siku gani na wanataka nini, sehemu nyingi anaingia kupitia asasi zinazofanya kazi vijiweni, basi waone hao pia. Methadoni ni ya heroini na jamii yake tu, haitibu pombe wala bangi. Soba hausi, nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha, nayo ni njia, ila kaikague kwa macho, ulizia wanakula nini, akiumwa anapelekwa wapi, mnaruhusiwa kumtembelea, na ukisikia fimbo au minyororo ondoka.

Hatua ya 6 ndo kuongea, na tunafanya mazoezi kweli, mimi nakuwa kijana, mama anakuwa mama. Anaongea mtu mmoja tu ambaye kijana bado anamheshimu, kwenye ile saa ya daftari, maneno machache yanayoanzia kwako wewe sio kwenye makosa yake. Yule mama wa Mbagala tulifanya mara sita mpaka neno "umetuaibisha" likamtoka ulimini, alichokuja kusema ni hiki:

"Baba, nakupenda, na hizi asubuhi tunazokaa wote nazipenda sana. Usiku usiporudi mimi silali. Najua kuacha sio rahisi, arosto nimeiona. Nimeenda kliniki nimeongea nao, Jumatatu wanakupokea, mimi nitakuwa pembeni yako. Tujaribu siku moja tu?"

Kijana alisema hapana. Na hili ulitegemee, ukiambiwa hapana unasema sawa baba, mlango uko wazi, unarudi kwenye chai na daftari, hakuna kununa. Hapana ya pili ilikuja wiki iliyofuata. Mara ya tatu, baada ya rafiki yake wa kijiweni kuzikwa, akauliza mwenyewe "ile Jumatatu bado ipo?" Kwa hiyo kaa chonjo na nyakati kama hizo, msiba, mtoto kuzaliwa, kutoka mahabusu. Na wajomba? Wajomba wanaitwa sasa, wawili watatu, sio kumhukumu bali kugawana kazi, nani anatoa nauli, nani anampeleka.

Baada ya kuanza, kliniki ni kila siku hata sikukuu, kwa hiyo nauli ya daladala ya kwenda na kurudi ipangwe kwa mwezi mzima, wengi wanakatikia hapo. Na mjue hili: akikaa wiki kadhaa bila unga, awe soba hausi au gerezani, mwili unapoteza uzoefu, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua mara moja. Akiteleza msimfukuze akajifiche peke yake gheto. Mkimkuta anakoroma vibaya, haamki, midomo imepauka au imekuwa ya bluu, mlazeni kwa ubavu, msimpe maziwa wala maji mdomoni, mwiteni bajaji hapohapo mumkimbize hospitali na muwaambie wazi katumia nini, maana dawa ya kumrudisha pumzi, naloksoni, inafanya kazi akiwahishwa.