Usaili wa Kiayalandi kwa mwalimu mtarajiwa mwenye umri mkubwa: hatua ninazowapitisha watu

Wengi wanaonijia wana kazi, wana watoto, na wameamua ukubwani kuwa walimu wa shule ya msingi huku Ayalandi. Hawaogopi hesabu wala Kiingereza. Wanaogopa Gaeilge, Kiayalandi chenyewe, na usaili wake wa mdomo, kwa sababu mwalimu wa msingi huku hufundisha darasa lake karibu kila somo, na Gaeilge imo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na lugha hii niliianza nikiwa mtu mzima, kwa hiyo jasho lake nalijua.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Kwa shahada ya kwanza, unahesabiwa mwombaji mtu mzima ukiwa umetimiza miaka 23 kufikia Januari 1 ya mwaka wa kuingia chuoni. Maombi hupitia CAO, ofisi kuu ya maombi ya vyuo, na mwisho ni Februari 1. Umri haukusamehe lugha: unatakiwa angalau H4 ya Gaeilge katika Leaving Cert, mtihani wa mwisho wa sekondari, yaani asilimia 60 na kuendelea kwenye karatasi ya ngazi ya juu. Kama huna, kaa mtihani. Mazungumzo peke yake yana asilimia 40 ya alama, kwa hiyo mazoezi ya usaili hayapotei bure.

Hatua ya 2: Chagua lahaja moja

Wa Munster, kusini, atakuuliza hali kwa *Conas atá tú?*, wa Connacht, magharibi, kwa *Cén chaoi a bhfuil tú?*, wa Ulster, kaskazini, kwa *Cad é mar atá tú?* Sisi tuliokulia kati ya Kimvita na Kiamu hilo halitushtui. Zielewe zote tatu, zungumza moja. Tovuti ya teanglann.ie inakutamkia neno kwa lahaja zote tatu. Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiayalandi, iwe inasema jikoni unapopika, hata kama wiki za kwanza huambulii kitu.

Hatua ya 3: Jibu kwa kitenzi

Gaeilge haina "ndiyo" wala "hapana". Ukiulizwa *An raibh tú riamh sa Ghaeltacht?*, yaani umewahi kufika maeneo wanakoishi wasemaji wake, unarudisha kitenzi: *Bhí*, nilifika, au *Ní raibh*, sikufika. Halafu usinyamaze. Ongeza sentensi mbili: *Bhí mé sa Cheathrú Rua anuraidh. Chaith mé seachtain ann.* Nilikuwa An Cheathrú Rua mwaka jana, nikakaa wiki. Neno moja likibaki peke yake, msaili analazimika kukuvuta, na akichoka kukuvuta alama zinashuka.

Hatua ya 4: Kiswahili chako ni mtaji

Hapa ndipo Mswahili anampita mwanafunzi mwenye Kiingereza tu, na hapa ndipo ninapokawia zaidi. *Le* ni "na" ya kuwa pamoja. *Liom* ni nami, *leat* nawe, *leis* naye. Wenzetu huikariri jedwali hiyo wakilalamika, wewe unaitambua.

Maneno kubadilika kichwani nako si ajabu kwetu. *Bialann* ni mkahawa, lakini "katika mkahawa" ni *i mbialann*, na ile b haisikiki tena. Anayesema kitabu na vitabu tangu utotoni hashangai neno likigeuka mwanzo.

Kisha ile sharti inayowatoa watu machozi, *modh coinníollach*. Swali lake la kawaida: *Cad a dhéanfá dá mbeifeá i do phríomhoide?* Ungefanya nini kama ungekuwa mwalimu mkuu? *Dá mbeinn i mo phríomhoide, cheannóinn leabhair nua.* Ningekuwa mwalimu mkuu, ningenunua vitabu vipya. Angalia: sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, nao hali kadhalika. Na "mimi" imo ndani ya kitenzi, ila kwao imekaa mkiani: *-inn*.

Hatua ya 5: Usikariri insha

Usaili wangu wa kwanza niliingia na aya nzima ya Mombasa, imenyooka kama mstari wa rula. Nikiwa katikati ya Ngome ya Yesu, msaili akanikata: *Cad a d'ith tú ar maidin?* Umekula nini asubuhi? Nilikuwa nimekunywa uji, na *leite* nalijua. Lakini halikuwemo kwenye aya, basi nikakodoa macho.

Siku hizi nawaandikisha watu maneno matatu tu kwa kila mada: kazi ya zamani, familia, watoto waliowahi kuwasaidia, kwa nini ualimu. Kisha nawakatiza makusudi. Jirekodi kwa simu, sikiliza, tafuta swali ambalo jibu lako linalikaribisha. Ukitaja mkahawa, utaulizwa ulipika nini. Kila wiki tafuta *ciorcal comhrá*, baraza la mazungumzo. Huwa kwenye maktaba na mikahawa, na Conradh na Gaeilge, chama cha tangu 1893, kina madarasa ya watu wazima.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Usipoelewa, usibahatishe. Sema *Abair é sin arís, le do thoil*, sema tena tafadhali. Hiyo nayo ni Gaeilge. Ukitoka, shukuru kwa *Go raibh maith agaibh*, si *agat*: wakiwa wawili au zaidi mezani, ni asanteni.