SOMO: Kupiga hesabu mwenyewe ya umbali na muda wa ndege, Kigoma - Dar

Wakuu habari za jioni. Juzi mama mkubwa alikuwa anakuja na ndege toka Dar, mie nikajifanya mtaalamu wa hesabu, nimefika airport hapa Kigoma namkuta kakaa juu ya begi kanuna, hata salamu kaitikia kwa shida. Kosa lenyewe ntalisema mbele.

Kwanza tafuta latitudo na longitudo za viwanja, bonyeza kiwanja kwenye ramani ya simu usiachie, namba zitatokea. Kigoma ni 4.89 kusini na 29.67 mashariki, Dar ni 6.88 na 39.20.

Pili toa. Unapata 1.99 na 9.53. Kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, inakuja kama 94.8, tafuta kipeuo cha pili unapata 9.73 hivi, hizo ni digrii. Digrii moja ni kama km 111, zidisha, jibu km 1,080.

Tatu gawa kwa spidi. Hizi za mapanga kama Q400 zikishakaa sawa juu zinakimbia kama km 650 kwa saa, kwahiyo 1,080 gawa 650 ni 1.66. Sasa hapa ndo nilipochemka, nikasoma saa moja na dakika 66! Hiyo .66 unazidisha mara 60, ni dakika 40. Halafu ongeza kama dakika 20 za kutembea chini, kupanda na kushuka, jumla masaa mawili. Mie kwa zile 66 nilipata masaa mawili na dakika 26, ndo maana mama kanuna.

MASWALI

Mkuu mbona reli ni km 1,250 hivi?
- Reli inapinda kufuata ardhi na miji, ndege inanyoosha.

Ikipitia Tabora si inazunguka sana?
- Hata mie nilidhani hivyo mpaka nilipopima. Kigoma-Tabora 351, Tabora-Dar 735, jumla 1,086. Yaani km 6 tu zimeongezeka, Tabora iko karibu kabisa na mstari. Kinachokula muda ni kushuka, abiria watoke waingie, na kupaa upya.

Nina shemeji London, natumia hiyo hiyo?
- Usijaribu kaka, utapotea. Hii inakubali kwa sababu tuko jirani na ikweta. Kule longitudo zimesogeleana, digrii moja ni kama km 69 tu. Tumia kipimo cha umbali kwenye ramani ya simu, kinajua dunia ni duara.

Na saa za Dar na Kigoma zinatofautiana?
- Saa ni ileile, ila jua haliijui hiyo saa. Kila digrii ya longitudo ni dakika 4, zidisha 9.53 unapata 38. Dar wakishawasha taa sie huku watoto bado wako ziwani wanaogelea.