Saa ya Ukutani ya Wazee: Kuitambua, Kuithamini na Kuitunza

Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliniletea saa ya ukutani imeviringishwa kwenye leso mbili. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake. Kabla ya kuileta, kijana wa nyumbani alikuwa ameufuta uso wake kwa sabuni ya vyombo na sifongo, na namba za Kirumi kuanzia tano hadi nane zikaondoka pamoja na uchafu. Mashine haikuwa na tatizo lolote. Kamani, yaani springi inayoiendesha saa, ilikuwa imeishiwa ufunguo tu. Saa iliyopita mikononi mwa vizazi vitatu ikaumizwa na dakika kumi za usafi. Nimeyaona haya mara nyingi mno, ndiyo maana nusu ya somo hili ni kutazama tu.

Hatua ya 1: Isome kabla hujaigusa

Kama ina pendulamu, yaani ule mkia wenye kisahani unaobembea, uvue kwenye ndoano yake kabla ya kuiteremsha saa. Kijibati kinachoushika ni chembamba kama wembe. Kikipinda, saa haitembei. Kisha iweke juu ya taulo, mezani penye mwanga wa dirisha, uipige picha kwa simu pande zote, ndani na nje.

Sasa fungua mlango wake. Baadhi ya saa za zamani katika nyumba za pwani ni za Kimarekani, na hizo kwa kawaida zilibandikwa karatasi ndani, mara nyingi nyuma ya pendulamu. Karatasi itakuwa imegeuka rangi ya chai na pembe zimeliwa na mende, lakini maneno mawili yaliyobaki yanaweza kukupa umri wa saa. Mfano mzuri ni Seth Thomas. Alianza kutengeneza saa zake 1813 huko Plymouth Hollow, Connecticut, akafariki 1859, na katikati ya miaka ya 1860 mji ukapewa jina lake, Thomaston. Kwa hiyo ukisoma “Plymouth Hollow”, saa yako ni ya kabla ya hapo, au imechelewa kidogo tu kwa sababu kiwanda kilikuwa kikimalizia karatasi za zamani. Ukisoma “Thomaston”, ni ya baadaye. Ansonia, kiwanda kingine, nayo ilianza Connecticut 1850, ikahamia Brooklyn mwishoni mwa miaka ya 1870, na 1929 mitambo yake ikauzwa kwa Wasovieti. Ile iliyoandikwa New York basi inaangukia kati ya miaka hiyo.

Zilifikaje huku? Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha Unguja ile nguo tunayoiita merikani na kupakia pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Saa zilifuata njia hiyohiyo.

Saa za Kijerumani mara nyingi hazina karatasi. Zitazame kwenye bamba la nyuma la mashine. Nyota ya ncha nane yenye herufi J katikati ni kiwanda cha Junghans cha mji wa Schramberg. Nanga yenye herufi G na B ni Gustav Becker, na kwake namba iliyogongwa kwenye bamba ndiyo inayosema umri: 100,000 ni ya karibu 1875, 500,000 ya karibu 1885, na milioni moja ilifikiwa 1892. Hata jina la nchi lina habari. Sheria ya Uingereza ya 1887 na ya Marekani ya 1890 ziliwabana wauzaji wa nje waonyeshe bidhaa zimetoka wapi, hivyo saa yenye neno “Germany” kwa kawaida ni ya kuanzia hapo. Ikiwa ni “Western Germany”, ni ya baada ya 1949, hata dalali akikuapia kuwa ilitundikwa kwenye jumba la sultani.

Uso wa saa nauamini mwisho. Uso hubadilishwa, hupakwa upya, huandikwa jina la duka. Karatasi na mashine ndivyo navitanguliza.

Hatua ya 2: Hakikisha ni saa moja

Mafundi wa zamani hawakutupa kitu. Mashine ya saa iliyoliwa na mchwa ilihamia kwenye kasha la saa nyingine, na leo mjukuu anadhani vilizaliwa pamoja. Chungulia ndani na tochi. Kuna matundu ya skrubu yasiyo na skrubu? Kuna kivuli cha mbao ambayo haikubadilika rangi, penye umbo la kitu ambacho hakipo tena? Matundu ya ufunguo usoni yanakaa sawa juu ya mihimili, vile vijiti ambavyo ufunguo huvizungusha, au ufunguo unaingia kwa upande? Pendulamu inakwaruza sakafu ya kasha? Ukipata kasoro mbili kati ya hizo, yamkini saa imeunganishwa. Inaweza kutembea vizuri kabisa, ila bei yake inashuka.

Hatua ya 3: Thamani

Usitazame bei ambayo watu wanaomba mtandaoni. Tafuta bei iliyolipwa, kwenye matokeo ya minada iliyokwisha, kwa saa ya kiwanda hichohicho na umbo hilohilo. Saa za mezani za siku nane, zinazotiwa ufunguo mara moja kwa wiki, kutoka Marekani zilitengenezwa kwa wingi sana, na kuisafirisha moja kutoka Mombasa au Dar es Salaam kunaweza kugharimu zaidi ya bei itakayopata huko. Nawaambia hivi wazi wanaokuja dukani na matumaini ya kununua kiwanja.

Kinachoinua bei ni vitu kubaki vilivyokuwa: uso wa asili hata ukiwa na nyufa, kioo cha zamani chenye mawimbi, karatasi ya ndani, vanishi ya kwanza. Historia ya kweli pia huinua. Kama mnajua nani aliinunua, mwaka gani, kwa harusi ya nani, iandikeni, tieni ndani ya bahasha na bahasha iwekwe chini ya kasha bila gundi.

Hatua ya 4: Kuitembeza

Hapa ndipo watu wengi wanapodhani saa imekufa kumbe imeinama tu. Itundike, vuta pendulamu kidogo pembeni, iachie, na usikilize kwa macho yaliyofungwa. Mlio ukienda *tik, tak, tik, tak* kwa nafasi sawa, iko sawa. Ukisikia *tik-tak, kimya, tik-tak, kimya*, inachechemea na itasimama ndani ya dakika chache. Isukume sehemu ya chini kushoto au kulia, unene wa kucha kwa kila mara, mpaka mlio usawazike. Pimamaji halitakusaidia, nyumba zetu zimeinama, na saa nyingine zimepindika ndani. Fuata sikio.

Ufunguo tia mpaka ukomee. Ule uvumi kwamba saa “imejazwa mno” ndiyo maana haitembei si kweli: kamani iliyojaa na saa imesimama maana yake ni uchafu, mafuta yaliyoganda au kuchechemea.

Akrabu ndefu izungushe kwenda mbele tu, na kila ikifika saa kamili ngoja kengele imalize.

Ikikimbia au ikichelewa, tumia nati iliyo chini ya pendulamu. Kuipandisha kunafupisha pendulamu na saa inakwenda mbio, kuishusha kunaipunguza. Enda taratibu. Pendulamu ya karibu sentimita 99, inayopiga sekunde moja kila upande, ukiibadilisha kwa milimita moja saa inageuka kwa sekunde kama 43 kwa siku. Ile fupi ya sentimita 25, milimita hiyohiyo ni karibu dakika tatu. Zungusha nusu duru, ngoja siku nzima, ndipo uguse tena.

Hatua ya 5: Mafuta, chumvi na wadudu

Mafuta ya nazi, ya taa, ya kupikia na yale ya kupuliza ya kopo, yote hapana. Yanaganda au yanakauka, yananasa vumbi, na vumbi ndani ya mafuta linasaga shaba. Tumia mafuta ya saa, tone la ncha ya sindano kwenye kila kitundu ambamo mhimili unazunguka. Meno ya magurudumu yaache makavu. Kama vitundu vimeshakuwa vyeusi, kuongeza mafuta ni kuongeza matope. Mashine inahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Hiyo mpelekee fundi saa. Kamani iliyojaa ikifyatuka mkononi inavunja vidole.

Sisi wa pwani tuna adui wa pili, hewa ya chumvi. Usiitundike saa ukuta unaotazama bahari, wala ukuta unaopanda unyevu. Unga mwembamba wa mbao ukionekana chini yake asubuhi, bungua yumo ndani. Itenge na samani nyingine siku hiyohiyo. Mbao ifute kwa kitambaa kikavu, basi.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo fundi. Saa yetu hapa Tanga inaonyesha saba lakini inagonga nne. Imeharibika?*

Marahaba mwanangu. Haijaharibika. Saa za aina hii hugonga kwa kufuata gurudumu la mipasuo, nalo halijui akrabu ziko wapi. Mtu akizungusha bila kungoja kengele, vinaachana. Tazama ndani chini ya mashine, mara nyingi upande wa kushoto: kuna kiwaya kinaning'inia. Kiinue polepole, itagonga tano. Rudia mpaka ifike saba. Kama hakuna kiwaya, na saa ni ya Kimarekani, sogeza akrabu fupi kwa mkono ifuate idadi iliyogonga, kisha irekebishe saa yote kwa akrabu ndefu ukingoja kila kengele.

*Nina saa ndogo ya kengele ya zamani, namba zake zilikuwa zinawaka kijani gizani. Sasa haziwaki. Naweza kukwangua nipake rangi mpya?*

Usikwangue, ndugu yangu, na usiifungue. Rangi ile kwenye saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 ina radiamu. Kilichochoka ni unga unaotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Hatari iko kwenye vumbi lake kuingia kinywani au puani. Iwe kwenye kabati la vioo, mbali na watoto na mbali na kitanda.

*Assalamu alaikum. Niko Lamu. Kwenye zidaka za bibi, vile vishubaka vya ukutani, kuna mabakuli yenye maua, chini yameandikwa Maastricht. Yana thamani? Mwanangu aliye ughaibuni anayataka.*

Waalaikumu salaam, mama. Hayo ni ya Uholanzi. Tazama jina: Petrus Regout, au Société Céramique. Viwanda hivyo viliuza sana pwani yetu. Yasiyo na ufa yana thamani zaidi, lakini lililoshonwa kwa vipini vya chuma usilifumue. Mshono huo ni kazi ya mikono ya hapa. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu, bila dawa ya kung'arisha. Kuhusu kuyatuma nje, sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Waonyeshe kwanza watu wa makumbusho hapo Lamu, upate kibali.

*Fundi, saa ya bibi hapa Unguja inatofautiana na simu kwa saa sita. Mchana wa saa saba inaonyesha saba. Tunahama kwenda Fuoni, niirekebishe tukifika?*

Usiibadilishe, dada. Hiyo imewekwa kwa saa za Kiswahili, na ndivyo wazee walivyokuwa wakifanya: jua likizama, akrabu zote mbili juu. Ikigonga mara saba, kila aliye nyumbani anasema ni saa saba. Siku ya kuhama, vua pendulamu uifunge peke yake, jaza karatasi laini kati ya nyundo na kengele, na uibebe imesimama mapajani, ndani ya gari, si nyuma ya kirikuu. Ikishatundikwa, isikilize kwanza kama nilivyoeleza hatua ya 4, kisha ngoja magharibi ndipo uitie saa.